Nani Angekunywa Maji Kwanza

Mbeya, Jumapili ya kwanza ya Novemba. Huu ni mwaka wa arobaini na nane tangu niondoke Sepuka, na wa kwanza ambao hukuniuliza lile swali.

Hamisi, rafiki yangu,

Bado sijakubali. Naanza na hilo usije ukahangaika huko uliko.

Mla-Jua ana nguvu kuliko Mshika-Nyota. Ndivyo nilivyosema siku dereva wa lori alipotuachia lile gazeti la katuni la Kiingereza, lisilo na jalada wala kurasa za mwisho. Wababe wake wawili tuliwapa majina wenyewe, kwa kuwa Kiingereza chetu kiliishia kwenye salamu. Mtu anameza jua zima kama kiazi cha kuchemsha, nani atamweza? Lakini wewe, mchunga ng'ombe, ukauliza nani kati yao angekunywa maji kwanza.

"Dume mkubwa hapigani bwawani," ulisema. "Anafika tu, wengine wanampisha. Tazama mguu wa huyo Mla-Jua wako. Umerudi nyuma!"

Nikakuambia anajiandaa kuruka. Ukanitukana kwa Kinyaturu, tusi zuri ambalo sijalisikia tena.

Unamkumbuka balozi wetu wa nyumba kumi, alivyotukuta shamba la kijiji tumeegemea majembe? Alidhani tunagombania mchumba. Alipoelewa, akalitazama gazeti kama mtu aliyeletewa kesi.

"Huyu akimeza jua, mtama utaivaje? Na huyu, nyota zimejaa mikononi, jembe atalishikaje?" Akahukumu: "Wazururaji wote wawili. Na nyinyi pia."

Tukaongezewa mistari ya kupalilia. Kesho yake akaja kuliazima gazeti.

Kila nilipokuja baada ya mavuno, ulinipokea stendi, ukachukua mfuko wangu, na kabla hata ya habari za watoto: "Umekubali?"

"Bado."

Ukaridhika, tukaenda kula.

Nilikuja kwenye arobaini yako. Nilipewa shikamoo nyingi, kuku, na kitanda kizuri. Ndugu wamenitengea kiwanja jirani na kwako, wanasema mzee sasa rudi nyumbani. Mimi nilikaa nikisubiri mtu aniulize. Mwishowe nikasema mwenyewe kwamba Mla-Jua ndiye mwenye nguvu. Wote wakaitikia, "Ndiyo, mzee." Hamisi, sijawahi kujiona mgeni kiasi kile.

Mjukuu wangu Neema, aliye chuoni, anasema siku hizi vijana wanawapanga wababe wa namna hiyo kwa madaraja, kama timu za mpira. Nikamweleza habari ya bwawa. Akasema, "Babu, rafiki yako alipatia." Nilimbishia mpaka uji ukapoa. Kisha, nikiosha kikombe, nikauona tena ule mguu.

Haya. Mguu ulirudi nyuma.

Lakini sikubali, na nakuahidi sitakubali, maana nikikubali tutakuwa tumemaliza. Pumzika, ndugu yangu. Ubishi wako nitautunza mimi.

Waambie waliotangulia kwamba kiwanja kile nimeomba wapewe vijana. Sepuka nilikuwa nakuja kubishana nawe. Sitarudi.