Telefone ya papa

Gisèle uko wapi? Ulrich ameona. ULRICH AMEONA SALON YA NYUMBANI!!

Uyo kaka yangu alipiga na video, mi nikasahau, nikatoka nayo mu chambre ya kulala kutafuta réseau ya telefone. Nyuma yangu ba maman bote banaikala chini ku ba matelas ya kulalia, ba fauteuil yote ya kukalia iko inje. Mutoto wa Bukavu ataona vile akose kujua ni kilio, mutu amekufa?

Akauliza: "Christine, fauteuil ziko wapi?"

Nikamujibu ati tunapaka rangi. Rangi, Gisèle! Na maman iko nyuma analia!

"Nipatie papa." Nikasema papa alienda Nyantende, ku shamba. Akakata.

Si unajua vile tonton Ezéchiel, ndugu ya papa, alikataza? Ulrich asijue kwanza, afanye soutenance yake ya kumaliza masomo kule Dakar, wiki kidogo njo zinabakia, akirudia na diplôme njo tumwambie. Bote tukaitika. Tukazika papa bila yeye.

Na miye njo nilipewa kazi ya kujibu mu telefone ya papa, asishuku. Kila asubui naandikaka "Courage mutoto yangu, Mungu iko." Naye anajibu "Merci papa."

Gisèle! Ile telefone iko hapa ku mukono. Message imeingia sasa hivi:

"Papa, Christine ananidanganya. Wewe hauwezi kunidanganya. Nani amekufa kwetu?"