Jiwe Nyuma ya Mafunjo

Kondele, Kisumu
9 Juni 1989

Kwako dada yangu mpendwa Saumu,

Pokea salamu zangu na za mama. Yeye aliniamuru nitangulize zake, kwa hiyo nimeshakosea katika mstari wa kwanza. Je, hujambo? Kikohozi cha mtoto kimeisha? Sisi huku tu wazima. Goti la mama limepungua uvimbe, ila hataki tuseme limepona, maana anaogopa tutamrudishia ndoo yake ya maji.

Najua ulipomwona aliyeileta barua hii ulitaka kufunga mlango. Nakuomba usifunge. Mwache akae hapo nje kivulini mpaka umalize kusoma. Yeye hajui kilichoandikwa humu. Nimemwambia ni habari za goti.

Utakumbuka Agosti mwaka jana nilikuandikia kwamba nimepata kazi ya siku tatu na mzee mmoja wa Kakamega. Sikukueleza ni kazi gani, nawe hukuuliza, kwa sababu ulifurahi tu kusikia nina kazi.

Mzee huyo anaitwa Bwana Shitanda. Alikuwa mwalimu mkuu, na tangu astaafu ana ugonjwa mmoja tu, kuvua samaki kwa fimbo. Si fimbo ya kukata porini, ni ya kununua, yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi. Kigurudumu hicho ndicho kilichomleta kibandani kwangu. Kilikuwa kimegoma kuzunguka, naye aliambiwa kwamba mtu anayefungua saa na redio hawezi kushindwa na kitu kama hicho. Nilipokuwa nakisafisha akanieleza kwamba anaandika kijitabu cha kuwaonyesha wavuvi wa Jumamosi, wale wenye magari, mahali pa kusimama na kuvua kando ya barabara ya ziwa, kutoka Kisian mpaka Usenge. Alikuwa anatafuta mwenyeji wa kumwongoza. Nikamwambia ameshampata.

Dada, unanijua. Nimezaliwa hatua mia tatu kutoka ziwani na sijui kuogelea. Ninayoyajua kuhusu samaki nimeyasoma kwenye magazeti yaliyofungiwa nyama, na mengine nimeyasikia kwako huku nikila. Lakini Bwana Shitanda alisema mwishoni mwa kijitabu kutakuwa na ukurasa wa shukrani, na jina la mwenyeji litapigwa chapa hapo. Mtu aliyejifundisha kusoma kwa makaratasi ya nyama, ukimwambia jina lake litapigwa chapa, hakuulizi swali la pili.

Tukaondoka kwa pikapu yake aina ya Pijo, mlango wa upande wangu umefungwa kwa kamba. Kisian tukaacha barabara ya Busia tukashika ile ya Bondo, na vumbi likatushika sisi. Pale pa kwanza nilipomwonyesha, karibu na Kisian, alivua kandambili moja ya mguu wa kushoto. Pale pa pili palikuwa na kiboko, na kiboko hakupenda kuandikwa kitabuni. Pa tatu akapata samaki mmoja wa kiasi, akampima kwa mizani ya kuning'iniza, akaandika kwenye daftari, kisha akamrudisha majini taratibu kama anayelaza mtoto. Akina mama waliokuwa wakifua nguo wakaacha kufua. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mzee, kama humtaki si ungetupa sisi?" Mwenzake akamjibu kwa jina la kwao, "Mwache, Nyar Alego, labda ni shemeji yake." Walicheka mpaka sabuni ikawaponyoka. Bwana Shitanda alisema watu hawa hawaelewi mchezo. Mimi niliwaelewa wao kuliko nilivyomwelewa yeye, lakini nilikuwa nikifikiria ukurasa wa shukrani.

Siku ya pili hatukupata kitu. Jioni tukiwa Bondo tunakula, mzee alinitazama juu ya miwani akasema, "Bwana Faraji, wewe unalijua ziwa kama mimi ninavyoujua mwezi." Akaongeza kwamba kwenye shukrani ataandika jina la pikapu, kwa kuwa pikapu angalau imefika. Watu wa meza ya jirani walicheka. Nami nilicheka, nikiwa nimeumia.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Nilijua wewe utakuwa Bondo tangu asubuhi, kwa sababu uliniandikia mwenyewe siku zako za soko, ili nikija nisikukose. Nikamwambia mzee tuendelee mbele, tupite shamba la mkonge, tuache gari penye kalvati, tushuke kwa miguu. Nikampeleka kwenye jiwe lako.

Ndiyo, Saumu. Ni mimi.

Acha niliseme lote, nisijifiche nyuma ya maneno machache. Mumeo Ochieng alipofariki nawe ukakataa kurithiwa na ndugu yake, waliapa kwamba hakuna mwanamume wa boma lile atakayekupa hata mkia wa samaki. Hukulia mbele yao. Ulichukua mshipi na ndoana za marehemu, ukatafuta ufukweni peke yako mpaka ukapata lile jiwe nyuma ya mafunjo, lisiloonekana kutoka barabarani wala kutoka kwenye mashua. Ukawa unavua alfajiri, mwanamke peke yake, na watu wakadhani samaki unawanunua mbali. Waliojua ni wawili tu: mimi ndugu yako, na Enos jirani yako, aliyepeleka samaki wako Bondo kwa baiskeli chini ya gunia la mihogo. Wewe mwenyewe uliniambia, "Faraji, hilo jiwe ndilo mume wangu sasa." Nikacheka. Kisha nikaenda nikampa mtu mwingine.

Bwana Shitanda alirusha mshipi mara ya pili tu, akanasa mbuta wa kilo thelathini na moja. Samaki yule angelisha nyumba yako mwezi mzima. Akampima, akamwandika, akamwachia. Nilimtazama akizama, na nakwambia kweli, hata wakati ule nilijua ninaangalia nini. Lakini mzee alinishika mkono akasema jina langu litakuwa la kwanza. Likaja kuwa la nne.

Tulipokuwa tunapanda kurudi kwenye gari tukakutana na Enos akiteremka na baiskeli yake. Akatusalimia kwa adabu. Akaniuliza kando, "Saumu anajua?" Nikamjibu kwamba unajua, na kwamba mgeni ni mtu wa serikali, anapima maji. Akaitazama ile fimbo muda mrefu kuliko inavyohitaji fimbo kutazamwa, akasema, "Sawa, shemeji."

Mengine yaliyokupata unayajua kuliko mimi. Kijitabu kilitoka Desemba. Magari yakaanza kusimama penye kalvati. Wavuvi wa kwenu walipoona magari wakafuata njia, wakaliona jiwe, wakaleta nyavu za kukokota, na shemeji yako, yule uliyekataa akurithi, akasimama mbele ya wazee akasema ni aibu mwanamke kuvua katika maji ya ukoo. Ukanyang'anywa. Sasa unasuka mikeka, na mikono ile iliyokuwa na alama za mshipi ina alama za mafunjo.

Laiti ubaya wangu ungeishia hapo. Februari uliniandikia ukiniuliza, "Ndugu yangu, nani amenifanyia hivi?" Ningeweza kujibu kwa neno moja. Niliandika kurasa mbili. Sikumtaja mtu. Niliandika tu kwamba anayezunguka na baiskeli kila siku hukutana na watu wengi, na watu huuliza mengi. Sentensi hiyo niliirudia mara tatu mpaka ikakaa vizuri. Niliipenda, Saumu. Nilijiona mwandishi. Nawe kwa sababu ya sentensi hiyo ulimsimamisha Enos penye kisima mbele za watu, ukamwambia asikanyage tena kwako, ukamtupia miguuni koti lake la mvua alilokuwa akikuazima. Nasikia aliliokota, akakung'uta vumbi, akaenda.

Jumanne iliyopita alikuja kibandani kwangu. Alikuwa na sanduku nyuma ya baiskeli. Anakwenda Kericho kuchuma majani ya chai, na alipita kunisalimia kwa kuwa, alisema, mtu haondoki bila kuaga. Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi. Nilimuuliza kwa nini hakukwambia alichokiona siku ile. Alizungusha gurudumu la baiskeli kwa kidole kama anayetafuta tundu. Halafu akasema wewe umebaki na ndugu mmoja tu duniani, na yeye ni jirani. Jirani akipotea atapatikana mwingine, lakini ndugu akipotea utabaki na nani?

Hakunikemea. Aliomba maji, akanywa, akanishukuru kwa maji.

Tangu Jumanne sijatengeneza saa hata moja ikatembea. Nilimwomba asisafiri kwanza, akuletee barua hii, nikamwambia mama ana habari za haraka kwako na posta inachelewa. Alijua huna hamu ya kumwona, na bado alikubali. Basi lake la Kericho ni Jumatatu. Asipozuiwa na mtu atapanda.

Ndani ya bahasha nimetia ukurasa wa shukrani. Nimeukata kwenye nakala yangu niliyokuwa nikiwaonyesha wateja kabla hata hawajauliza bei. Jina langu liko mstari wa nne, lisome ukitaka, kisha uwashie jiko. Bwana Shitanda nimemwandikia alifute jiwe lako kijitabu kitakapopigwa chapa tena. Sijui kama litasaidia, wenye nyavu hawasomi vijitabu. Na shemeji yako nitakuja kumwambia mbele ya wazee walewale kwamba jiwe hukulitangaza wewe wala Enos. Wakinicheka, nimeshazoea kuchekwa kwenye barabara hiyo.

Mimi siombi unisamehe kwa barua. Nitakuja Jumamosi mwenyewe, na ukinifungia mlango nitakaa nje. Ninaloomba ni la huyo aliyeko nje sasa. Ametoka Kisumu kabla ya jua, kwa baiskeli, na namjua, hataomba hata maji. Hahitaji umweleze lolote, kwa sababu yote anayajua tangu mwanzo. Mtolee kiti tu.

Mama anakusalimu sana, na watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na anasema umletee mkeka.

Ni mimi nduguyo,
Faraji