Niliipiga Ringi Kabla ya Saa

Baba,

Mikono yangu bado inanuka kutu. Nimeiosha mara mbili kwa sabuni na harufu haijatoka, basi nakuandikia hivyo hivyo, kabla watoto hawajaingia darasani. Nikingoja mpaka jioni nitakuwa nimeanza kuyapanga maneno vizuri, na sitaki.

Ile ringi ya lori uliyokuwa ukiigonga bado inaning'inia mbele ya ofisi ya kijiji. Tangu ulipoondolewa, anayeigonga ni mdogo wako, baba mdogo Polikarpo, kwa kufuata saa ya mezani aliyopewa na Mwenyekiti. Saa kumi na mbili kamili ringi inalia, watu wanatoka kwenda shamba la kijiji. Mtu akichelewa wanamwambia, "Vipi, ndugu, unafuata saa ya Deo?" Wanalicheka jina lako. Hata watoto ninaowafundisha wanaambiana hivyo uani. Ulipofariki nilidhani wataacha. Hawakuacha. Nikisikia, nageukia ubao na kuandika kitu chochote.

Wewe na mimi tunajua ilivyokuwa. Kule kwetu kwa zamani, kwenye mwinuko ulio wazi, kila mwezi ulikuwa na nyota yake. Nyota ikichomoza, unatuamsha, na hukukosea hata siku moja. Kisha tukahamishiwa huku chini ya milima ya Mbizi, na kwa kuwa kila mtu alijua kwamba Deo anajua saa bila saa, wakakupa ringi. Ukaendelea kungoja nyota ichomoze kama ulivyozoea. Lakini huku mashariki kuna mlima. Nyota inachomoza nyuma yake, inakaa huko muda mrefu, ndipo tunaiona. Siku ya kwanza ya kazi uligonga ringi kumekucha kweupe, Bwana Shamba ameshapanda trekta na anatazama saa yake ya mkononi. Ulisema, "Mlima huu unakula nyota." Walidhani unatania. Wiki ya pili ringi haikuwa yako tena.

Halafu ile nyotamkia, nyota yenye mkia, iliyotangazwa redioni. Ulifurahi, Baba. Ulisema ikitokea, wataona kwamba hatubahatishi. Uliwaita watu jioni baada ya jioni, na juma zima tulitazama mawingu. Sikazwe wa baiskeli alikuuliza kama na hiyo imeliwa na mlima, na sisi tulikuwa tumeelekea magharibi! Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Usiku ule Mama alilichukua lile daftari ulimokuwa ukichora nyota akalificha, akasema hataki tena kusikia habari za angani ndani ya nyumba yake. Miezi michache baadaye kifua kikakuchukua.

Sasa nikwambie la mwezi huu.

Sista aliyenifundisha jiografia aliniandikia. Barua ilikaa siku tano kule dukani Majengo, zinakofikia barua zetu, kabla sijaipata. Alisema nyotamkia nyingine inakaribia jua. Ikipita salama itaonekana alfajiri, upande wa mashariki, kwa siku chache. Akaongeza kwamba inaweza kuvunjika vipande ikafifia, nisimwahidi mtu. Nilisoma nikiwa nimesimama dukani. Mashariki, Baba. Nyuma ya mlima ule ule.

Mama sikumwambia.

Niliazima saa ya mkononi ya mwalimu mkuu, nikapanda hadi kwetu kwa zamani, nikangoja nyota yako ya mwezi huu. Nikaandika saa iliyochomoza. Kesho yake nikaingoja kutoka hapa kijijini. Nilikumbuka kwamba kila siku nyota hutangulia kidogo, nikalihesabu na hilo. Tofauti ni dakika thelathini na tano. Hukuchelewa. Ulisimama mahali walipokuweka, mlima ukashikilia nyota yako dakika thelathini na tano. Nilikaa na ile karatasi mapajani nisijue nimpelekee nani.

Nikampelekea Mwenyekiti. Hakuitazama sana karatasi. Nilimwomba aniruhusu, nyotamkia ikitokea, nigonge ringi watu waione. Alifikiri, akachokonoa meno, akasema, "Mara moja tu, Mwalimu. Na usimtangazie mtu, sitaki yale ya mzee wako yajirudie. Ila ukituamsha tuje kuangalia mawingu, nitasema mkutanoni kwamba ukoo wenu usiiguse tena ringi hiyo, hata kuiegemea."

Nilikubali. Nilijua ninachokiweka rehani. Wewe ulikuwa umeshachekwa mara mbili, na mara ya tatu ungechekwa kwa sababu yangu.

Siku tatu mfululizo nilitoka kabla ya alfajiri nikakuta mawingu. Unajua mawingu ya Ufipa mwezi wa tatu, yanalala juu ya mlima kama ng'ombe waliokataa kuinuka. Mchana nafundisha, usingizi unanidondosha, jioni naenda na wanawake wenzangu kufukia majani kwenye matuta ya ulezi. Mama alinitazama macho yangu mekundu akaniuliza kama kuna mwanamume. Nikasema hakuna. Akasema, "Afadhali angekuwapo." Nikacheka, nikamwacha aamini anavyotaka.

Leo, siku ya nne, mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo upande mmoja. Nilisimama karibu na ringi, chuma mkononi. Nyuma ya mgongo wa mlima nikaona mwanga mwembamba umesimama. Nikadhani moto wa nyasi. Lakini nyasi za mwezi huu ni mbichi, zinatufika kifuani, nani angeweza kuzichoma? Nikadhani mapambazuko. Lakini mapambazuko hulala chini, hayasimami wima. Mwanga ule ulipanda juu, mpana kuliko kiganja, na chini yake hapakuwa na nyota yoyote. Mkia bila kichwa.

Nikaelewa. Kichwa kilikuwa bado nyuma ya mlima. Nikingoja kitoke ndipo nipige, watu watavaa, watatafutana, watafika kumekucha. Na kusini wingu lilikuwa linasogea. Lakini je, kama si yenyewe? Kama ni ukungu tu umepata mwanga? Wewe ungengoja, Baba. Nisamehe. Ulikuwa mtu wa kungoja mpaka nyota yote itoke.

Nikapiga.

Sikujua kwamba chuma kinaweza kulia hivyo. Watu walitoka mbio, Sikazwe na ndoo ya maji, wengine na mapanga, "Moto uko wapi? Uko kwa nani?" Baba mdogo Polikarpo alikuja shati amelivaa kinyume, saa ya mezani ameikumbatia, akipiga kelele, "Yustina, saa bado! Saa bado!" Nikanyoosha mkono kuelekea mlimani.

Walitazama. Wakati huo huo kichwa kikaanza kutoka kwenye ukingo wa mlima, cheupe, chenye makali, na ule mkia wote ukawa na mwenyewe. Sikazwe aliiweka ndoo chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Mwenyekiti alinisogelea. "Ulijuaje kabla haijatoka?" Nikamweleza habari za mlima na za dakika thelathini na tano, nikasema kwa nguvu ili wote wasikie kwamba Deo hakuwahi kuchelewa, mlima ndio uliochelewesha. Baba mdogo aliangalia saa yake, akaangalia mlima, akaangalia chini. Mwenyekiti akasema, "Hilo tutalisema mkutanoni." Ndivyo anavyoomba radhi yule. Niliridhika. Nilisikia mwili wote unakuwa mwepesi, nikageuka kumtafuta Mama nimwonyeshe.

Hakuwa pale.

Nilimkuta barabarani, kule malori yanakotokea. Alikuwa na sufuria kichwani, blanketi begani, jembe lako mkononi, na mgongo wake ameugeuzia mlima. Alipoona ni mimi aliniuliza kwa Kifipa, taratibu, kama anavyouliza mtu aliyekwisha kukubali, "Mara hii wanatupeleka wapi?"

Baba, siku ile ya kuhamishwa mgambo walipiga madebe kabla hakujapambazuka. Wewe ulikuwepo. Tulibeba kilichoenea mikononi, wakatupandisha malori. Nimefundisha watoto, nimepima nyota kwa dakika, na sikukumbuka jambo hilo moja. Nilimficha Mama habari ili asiumie, kisha nikamwamsha kwa sauti ile ile ya chuma gizani.

Nilimshusha sufuria. Nikamwambia hatuhamishwi, ni nyota, nyota tu, nami ndiye niliyepiga. Nilingoja anikaripie. Hakunikaripia. Aliipindua sufuria akaikalia, nikamgeuza bega, akaitazama nyota mpaka wingu likaifikia. Kisha akasema, "Mkia umepinda. Baba yako angeuchora umenyooka, hakuwa na mkono wa kuchora." Tukacheka, halafu yeye akaanza kulia peke yake, nami nikashika jembe.

Nawasikia watoto wanakuja, wanaigiza mlio wa ringi kwa midomo. Lala, Baba, hakuna anayekudai kuamka. Sista aliandika kwamba itaonekana siku chache. Nakuahidi kesho alfajiri nitamwamsha Mama kwanza, kwa mkono begani, nitamwita kwa jina lake, nimtajie langu na saa ilivyo, ndipo tutatoka nje.

Mwanao,
Yustina