Mama Hadija wa Kwenye Telefone

Hapana dada, usimupake. Hata na ncha ya kidole. Mwambie bibi-arusi arudishe ile kopo mu kartoni, ufunge, uweke mbali na watoto na mbali na mbuzi ya shemeji. Ile mbuzi inakula yote, na mi sitaki ikuwe mbuzi ya kwanza kujichubua Rumonge.

Amahoro kwanza. Nimeanza kujibu mbele ya kusalimia, kama mutu anaingia nyumba na viatu. Unisamehe. Muko wazima? Magoti yako je? Ziwa imerudi nyuma, ama bado inalala mulangoni kwa jirani? Mimi mwili iko muzima, nakula. Hapa Dar wananicheka kila nikisema "iko". Nawaambia, nyinyi munasema Kiswahili ya shule, mimi nasema ya sokoni, tutaona nani atalala njaa.

Naandika na biki juu ya karatasi, nampa dereva ule aliniletea barua yako. Kwa telefone sitaki. Mikono yangu ikishika telefone siku hizi inaanza kudanganya yenyewe, mbele hata mi sijafikiri.

Uliniuliza maswali mawili. Ya kwanza: mutu anajuaje kama duka ya kwenye telefone inauza kreme za bandia. Ya pili uliandika na herufi kubwa, karibu utoboe karatasi: NANI ANATUMIA JINA YA MAMA. Nitajibu ya kwanza kwanza. Iko rahisi, na wewe unanijua mi ni mutu ya kukimbia.

Najua hizo duka juu natumika mu moja. Nilikuambia depo ya kosmetike, si ndiyo? Depo ni chumba ku etaji ya tatu, ndoo mbili za kreme, meza, ordinateri, huku wanaita kompyuta, na godoro yangu nyuma ya makartoni. Duka yetu haina mulango. Iko paka mu telefone, mu telefone tu. Na mwaka huu tu imebadilisha jina mara ine, kuna siku naamuka najiuliza natumikia nani.

Kwa hiyo, ukiona duka, ingia pale wanaandika ilifunguliwa lini na ilikuwa inaitwa nani zamani. Duka inasema iko na miaka kumi, na ukurasa yake imezaliwa juzi, na zamani ilikuwa inauza viatu? Kimbia. Angalia bei. Kreme ya Ufaransa yenye mufuniko ya dhahabu, madamu wa mujini wanainunua kwa kuhesabu mara mbili, sisi tunaitoa bei ya sabuni. Halafu tunaweka saa: "promosiyo inabaki masaa mawili!" Dada, ile saa inabaki masaa mawili tangu Ramadhani.

Tena uliza duka iko wapi. Uliza tu, kwa heshima. Siku moja mwanamuke aliandika, "Muko wapi, nikuje mwenyewe na miguu yangu?" Patron, mwenye duka, akaniambia:

"Issa, muambie tuko mu enventere, tunahesabu mali."

"Patron, wiki jana pia tulikuwa mu enventere."

"Basi muambie tunahama."

Mutu mwenye duka ya kweli anafurahi ukikuja. Na hakulazimishi kutuma feza yote mbele, kwa jina ya mutu wala si ya duka. Kuko mama mumoja wa Kigoma alitushinda kabisa. Alisema, "Nifanyieni video ya chini ya chupa, na ya namba ya kartoni, nione kama ni moja." Patron akasoma, akaweka telefone chini polepole. "Huyu achana naye," akasema. "Huyu ana macho." Njo dawa ya kutushinda hiyo, dada. Chini ya kopo kuko namba, ku kartoni kuko namba, zinapashwa kuwa sawa. Zetu hazijawahi kujuana.

Sasa chukua ile kopo iko kwako. Angalia maandishi, utakuta neno ya Kifaransa imekosa herufi. Angalia ile karatasi ndogo ya kufunika ndani: haiko, ama imebandikwa na moto. Nusa: kwanza pafyumu, nyuma yake chuma. Hakuna pahali wameandika imetengenezwa na nini, lakini wameandika utakuwa mweupe mu siku tatu. Kreme ya kweli haiahidi siku tatu. Na kama etikete imekaa upande kidogo, kama kofia ya mulevi, basi usitafute mbali. Etikete ni kazi yangu. Ukiibandua utakuta alama ya kidole ya mudogo wako.

Haya. Swali ya pili.

Dada, ni mimi.

Mu duka kama yetu, kazi kubwa si kujaza kopo. Kazi kubwa ni wanawake wa kusifu. Chini ya kila kreme kuko watu wanasema "nimetumia, nimependa, nyota tano". Wale wote ni mimi. Nimekuwa Anti Bella wa Goma, nimekuwa Madamu Josiane wa Bujumbura, nimekuwa bibi-arusi mara mingi kuliko mutu yeyote unamujua. Ukiona wenye kusifu wote wameandika siku moja, na makosa ya namna moja, na wote wanasema "iko", ujue ni kijana mumoja wa Rumonge amekaa juu ya ndoo.

Nilikuwa nacheka, dada. Sitakuficha, ile kazi ilikuwa inanifurahisha. Lakini patron akasema wanawake wangu hawana uso, nawawekea maua tu na paka. "Weka mama mutu muzima," akasema. "Wasichana wanaamini mama." Mu telefone yangu nilikuwa na foto moja tu ya mama mutu muzima. Ile umemupiga wewe, amekaa na kibakuli ya manjano, anakukatalia kupiga. Nikaiweka. Jina nikaandika vile watu wote walikuwa wanamuita, Mama Hadija, Rumonge. Nikajiambia, ma Mama Hadija iko wengi, nani atajua?

Nilisahau Mama alikuwa nani. Ama sikusahau, sijui. Wewe umechukua kazi yake ya kusugua mabibi-arusi, unajua kuliko mimi. Bibi-arusi alikuwa anakaa kwake siku saba, na Mama hakuwahi kumupaka musichana kitu mbele ya kujipaka yeye mwenyewe hapa ndani ya kiwiko, usiku na muchana, aone. Pwani yote, toka Muhuta mpaka Nyanza-Lac, ukisema "Mama Hadija amejipaka", maneno imekwisha.

Mu siku mbili, mwanamuke akaandika. Siongezi kitu ku maneno yake, nimeyashika kwa kichwa:

"Mama Hadija! Ni wewe kweli? Mimi Zaina, ulinisugua mbele ya ndoa, ukanichapa mukono juu nilikuwa najikuna. Sasa niko Nyanza-Lac, nina watoto wane. Mama, hii kreme, wewe mwenyewe umejipaka?"

Hakujua Mama amekufa. Miaka tatu, na hakuna aliyemuambia. Patron alikuwa nyuma yangu: "Jibu bwana, kliyan iko moto, atanunua."

Nikaandika: "Nimejipaka mwanangu. Kwenye mukono kwanza."

Soma tena hapo, dada, halafu unitukane, nangoja.

Alinunua kopo mbili. Siku kumi hivi zikapita, akaandika, "Mama, inachoma." Nikajibu, "Vumilia, inatoa uchafu." Hiyo ni jibu yetu ya kila siku, hata sikufikiri. Halafu akatuma foto. Alikuwa amejifunika kitenge, ameitoa kwa ile foto tu. Chini ya macho ngozi imebambuka kama nyanya uliyoimwagia maji ya moto. Na chini ya foto ameandika:

"Mama, sikulaumu. Najua na wewe walikudanganya. Uso yako iko namna gani? Unapaka nini sasa?"

Nilishuka chini nikanunua soda. Nikaikamata mpaka ikapata moto mu mukono, nikamurudishia muuzaji imejaa. Mutu aliungua, na anamuuliza maiti kama imepona.

Nikamuandikia, kwa ile jina tena, juu hanijui mimi: acha kupaka, nenda hospitali, beba kopo umuonyeshe daktari. Kupaka aliacha. Hospitali hakuenda. Anasema watamucheka, mwanamuke wa watoto wane anatafuta weupe. Anasema, "Mama, nitakungoja wewe. Ukuje unisugue na dawa yako ya zamani." Kila Ijumaa anaandika. Anamupa habari ya watoto, anamuambia leo imepungua kuchoma, leo imezidi. Anamuuliza, unakuja lini.

Na iko kitu ingine. Ile jina si yangu peke yangu tena. Niliifungua na numero yangu, lakini iko wazi pia ku ordinateri ya duka, na Neema, musichana wa Mwanza tunatumika pamoja, anaitumia kuuza. Mimi sikujua. Juzi muchana nilikuwa nakula wali, mikono yote mu sahani, telefone iko kando. Nikaona foto ya Mama, na alama ya kijani, na chini yake: anaandika.

Dada, Mama anaandika. Mikono yangu iko mu wali na Mama anaandika. Sikumeza. Nilingoja, wallahi nilingoja kama mutoto, nikifikiri ataniambia mimi kitu. Ikatoka: "Karibu mpenzi, leo kuna promosheni." Mama! Aliyekaa na Baba miaka yote ile bila kumuita mpenzi hata siku ya Idi! Nilicheka, halafu nikashindwa kunyamaza, mpaka Neema akaniuliza kama nimekabwa na mufupa.

Tangu hapo kila siku anaandika. Anawaandikia wasichana wa Uvira, wa Kabezi, wa wapi sijui. Ile shangazi ya bibi-arusi wako, ule alileta kopo akasema Mama mwenyewe amemuuzia, hakukudanganya. Kweli ameongea na Mama.

Musalimie shemeji na mbuzi yake. Musalimie mujomba Rajabu wa mitumbwi, umuambie ndagala ya huku, wanaiita dagaa, imejaa muchanga. Watoto wako uwape mukono, na mama mukwe wako, ule anasema nitaishia pabaya, muambie namusalimia sana na ana akili.

Sasa sikiliza, tufanye biashara. Ni bei moja, hakuna kupunguza.

Hii jina naweza kuizima leo, numero ni yangu. Patron atajua ni nani, kazi itakwisha, na godoro pia, juu vyote viko mu chumba kimoja. Hiyo nimekubali. Lakini nikizima mbele Zaina hajajua, ataona Mama amemukimbia na yeye bado anangoja na ile uso. Na mimi kumuambia ku telefone siwezi. Ataambiwa na nani? Na Mama, kwamba Mama amekufa?

Kwa upande yako: panda gari mupaka Nyanza-Lac, uliza sokoni Zaina anauza mawese, mwenye kujifunika sana. Muambie na mudomo yako Mama ameenda miaka tatu, na aliyeandika ni mutoto wake wa kiume. Mushike mukono, mupeleke hospitali na kopo yake, na ile ya bibi-arusi ubebe pia, daktari azione zote. Akinitukana, uniletee matusi yote, usipunguze hata moja.

Kwa upande yangu: siku hiyo hiyo ukinipigia useme "nimefika, amejua", nazima. Halafu natuma video, na sura yangu na jina yangu, nikisema ni mimi niliandika. Muonyeshe shangazi, muonyeshe bibi-arusi, muonyeshe sokoni pote.

Ukikataa sitakulaumu, ni mbali na magoti yako iko mabaya. Lakini ujue Mama ataendelea kuandika, na Ijumaa Zaina atamuuliza tena anakuja lini.

Niambie kama umekubali.

Ni mimi mudogo wako,
Issa