Mjomba Alipofunga Kitabu

Chumba cha uani,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro,
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa dada yangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo? Na shemeji, na mapacha, hawajambo? Yale mafua uliyolalamikia yameisha, au bado unaongea kwa pua? Mimi kwa afya ni mzima. Kwa mengine, dada, nina hofu, tena hofu ya kumfanya mtu aiache chai mpaka ipoe.

Unajua mimi na kalamu hatupatani. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu na wewe mtu hamalizi sentensi, na hili nataka ulisikie lote. Dereva wa lori la kiwanda anaondoka asubuhi hii, atakukabidhi barua mkononi kesho. Tafadhali kaa chini kwanza.

Habari za moto wa kiwandani ulishazipata. Ulisikia pia kwamba yule mpakaji gundi tuliyemwita Kicheko alifariki kwa moshi. Usichokisikia ni kwamba mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli. Nililishika mwenyewe. Mimi na Kicheko tuliukimbilia mlango ule pamoja, sponji zinawaka nyuma yetu, nikalivuta kufuli mpaka kucha ikang'oka. Kisha nikatambaa kurudi mlango wa mbele. Niliamini ananifuata.

Na aliyefunga ni mjomba, baba yako. Msimamizi ndiye anayeshika funguo. Hakufunga kwa ubaya. Magodoro yalikuwa yakiibwa kupitia pale, na kila moja likipotea tulikatwa mishahara sote, hadi wafanyakazi wenyewe wakamsihi afunge.

Keshokutwa, Alhamisi, kesi ya kifo chake Kicheko inasikilizwa na mimi nimeitwa shahidi. Mjomba ameshawaambia polisi kwamba mlango ulikuwa wazi, moshi tu ndio uliompoteza marehemu. Aliyelishika lile kufuli na bado yu hai ni mimi peke yangu.

Jumapili baada ya ibada alikuja chumbani kwangu. Siku hiyo yeye ndiye aliyesoma somo kanisani, kwa ile sauti yake ya kunyamazisha hata watoto. Alikaa kwenye kigoda changu, Biblia mapajani, macho sakafuni. Akasema, "Mwanangu, karani atakuuliza kama unaapa kwa Kitabu au unathibitisha kwa maneno tu. Wewe chagua maneno tu. Hapo hata ukisema mlango ulikuwa wazi, hujamkosea Mungu." Halafu akafungua pale Yesu anapowakataza watu kuapa, akanisomea huku akifuatisha kwa kidole kama zamani, akafunga.

Nikasema, "Sawa, mjomba." Kusema kweli nilifurahi kupata upenyo.

Alipoondoka nikafungua Biblia yangu pale pale. Si unajua alivyokuwa akitupiga rula ya vidole tukifunga Kitabu kabla fungu halijaisha? Basi fungu lile halikuishia alipoishia yeye. Mistari michache mbele, Yesu anataka ndiyo ya mtu iwe ndiyo, na siyo yake iwe siyo. Maana yake neno langu lina uzito ule ule, nishike Kitabu nisishike. Nilirudia kusoma nikiutafuta ule upenyo wangu, sikuuona tena.

Naogopa, Chiriku. Namwogopa wakili wa kiwanda, wanasema anamzungusha mtu kwa maswali mpaka ajione mwongo. Namwogopa mama yako, ambaye kila jioni ananipakulia chakula na hajui nitakalosema. Nakuogopa wewe. Mjomba ndiye aliyenichukua nilipofiwa na wazazi. Kila herufi ninayoandika hapa alinifundisha yeye, kwa Kitabu hicho hicho. Nikimpeleka jela nitamtazama nani usoni?

Lakini kuna jambo ninaliwaza tangu Jumapili. Mtu asiyeamini angeniambia nishike Biblia, nidanganye, yaishe. Baba yako hakuthubutu. Alitaka nisiiguse kabisa. Bado anaiogopa, dada, pengine kuliko anavyoiogopa jela, na ndiyo maana nakuandikia.

Ukiipata tu hii, mpigie. Usimgombeze, wala usitaje habari za wakili. Mwombe akusomee fungu lile, na umsikilize. Akinyamaza katikati, mwambie, "Endelea, baba." Wewe hakunyimi kitu. Huenda akifika mwisho atakwenda polisi kwa miguu yake, aseme kwa kinywa chake, nami nisilazimike kusimama mbele yake.

Asipokwenda, nitasimama. Nitasema mlango ulikuwa na kufuli na funguo alikuwa nazo yeye. Nimekwambia wewe kwanza ili usije ukayasikia kwa watu.

Msalimie sana shemeji, na mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu. Yuko hapo uani anaanika nguo, anadhani nakuandikia habari za kawaida, na ameniagiza nikuulize kama zile shuka zilikufikia.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Na baba yako amlinde zaidi, maana nimemwombea tangu alfajiri na sijui hata nimwombee nini.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye hata usiponijibu,
Kibushuti