Bakuli Lililorudi na Chai

Jumapili jioni, mtaani kwetu Iroquois, Amerika. Mvua ya baridi tangu asubuhi, na nina hasira hadi chakula hakipiti.

Leo shangazi yake Fabrice, mpenzi wangu, amekuja kutoka mji wa Columbus na wajomba wawili, kunitazama kabla ya kuleta posa. Baba yake Fabrice alishafariki, kwa hiyo neno la shangazi ndilo neno. Nilipika tangu alfajiri. Nikanunua hadi vikombe vipya, vya maua.

Mama akavikataa.

Akaleta bakuli lake la Kijapani. Alipewa na mwalimu wake, mama mmoja Mjapani anayefundisha ufinyanzi hapa mjini, aliyelichoma mwenyewe tanuruni kwa kuni. Ukiliona hulitamani: la kahawia, zito, limepinda, na majivu yameyeyukia ubavuni kama uji uliofurika. Mama analipenda kupita televisheni yake. Anasema Wajapani hunywa kwa kupokezana, mgeni kwa mgeni. Na sisi Warundi, ndoa tunaianzaje kama si kwa kunywa chombo kimoja? Nikaona sawa. Akalijaza chai ya maziwa na tangawizi.

Shangazi akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akasifu. "Hili kalifinyanga nani?"

"Mwalimu wangu," mama akasema. Kisha, kwa furaha yake yote: "Lakini na mimi nafinyanga. Mama yangu alifinyanga, na bibi yangu pia."

Mrundi yeyote anajua ukoo wa wafinyanzi ni ukoo gani. Sisi ni Watwa, watu ambao wengine hawanywi nao chombo kimoja. Haya, nimeandika. Kule Burundi watu walinunua vyungu vya bibi yangu, lakini akiomba maji walimmiminia viganjani, asiguse kikombe chao. Mimi nimezaliwa kambini Tanzania, nikadhani mambo hayo yalibaki ng'ambo. Kumbe nayo yana pasipoti! Fabrice nilimwambia mapema kabisa. Akacheka, akasema hapa ni Amerika, nani anajali.

Shangazi hakunywa. Akampa mjomba, kwa adabu zote. Mjomba akampa mwenzake. Mwenzake akampa Fabrice.

Fabrice akaliweka mbele ya mama, limejaa vile vile.

 Mama akalichukua, akanywa peke yake, taratibu, mpaka tone la mwisho, wageni wakitazama zulia.  Sijawahi kumwonea mtu uchungu kiasi kile.

Wakaondoka kabla sijapakua wali. Eti safari ni ndefu. Ndefu gani, na walikuja na mabegi, wakidhamiria kulala hapa!

Fabrice amepiga simu sasa hivi. Nisijali, wazee ni wazee, ananipenda, tutaoana tu hata wakinuna. Nikamwacha amalize. Nikamuuliza kitu kimoja: na wewe, mbona hukunywa?

"Ilikuwa ya moto, mpenzi."

Ya moto! Mama aliinywa bila hata kupuliza. Nikakata simu, kwa sababu ningeendelea ningemtukana, na mama yuko chumba cha pili.

Fabrice nampenda bado, sitajidanganya. Ningekuwa simpendi, ningekuwa nimeshalala. Lakini kesho namwambia hapana, hata kama nitalia kazini mbele ya watu. Maana nikimzalia mtoto, mtoto huyo atakuwa mjukuu wa mama yangu. Fabrice atamwacha anywe na bibi yake?