Keki Ifike Nzima

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kwenye kiti chako cha mgongo mrefu, miwani ikiwa puani na si kichwani, na mgongo umekupa likizo leo. Sisi hatujambo wote. Mkweo hajambo, ameota kitambi, na sababu ya hicho kitambi utaisoma humu humu. Dada yako naye hajambo, ila miguu ndiyo ile ile: inamtoa kitandani hadi kibarazani, ikifika hapo inagoma. Ulimi haujagoma hata siku moja. Anakusalimu sana, na anasema ile hadithi yenu iliyokatika pamoja na simu hataimalizia kwenye simu tena. Anataka aimalizie anakuona usoni.

Utauliza kwa nini sikukupigia. Mama, nikupigie ya nini? Nikitamka tu neno gari, unaniuliza bei ya vitunguu. Karatasi angalau haikatizwi.

Maana habari yenyewe ni ya gari. Kifaduro amekufa. Safari hii amekufa kweli, si kuzimia kama tulivyomzoea. Samahani kwa huo mkwaruzo hapo juu ya jina lake, kalamu imeruka kidogo, sababu nitakupa mbele. Alikohoa kikohozi chake cha mwisho karibu na ukumbi wa harusi, keki ya watu ikiwa ndani. Nikajitwika kichwani, nikaingia nayo ukumbini hivyo hivyo, wageni wakapiga makofi wakidhani ndiyo mtindo wetu. Mkweo alitoa machozi kwa ajili ya lile gari. Mimi, Mungu anisamehe, nilitamani kupiga vigelegele.

Sijasahau siku tulipokuja na Kifaduro kukuchukua. Keki niliyokuletea ilifika imekuwa uji. Wewe ukapanda kwa moyo mweupe, na kabla hatujafika kwenye kilima ulikuwa umeshika mgongo kwa mikono miwili, kisha gari likazima katikati ya njia. Ukashuka, ukabeba mkoba wako, ukarudi nyumbani kwa miguu. Ulituachia neno moja tu: siku keki ya binti yangu itakapofika mlangoni pangu nzima, siku hiyo nitapanda gari lake, na kabla ya hapo mtu asinisumbue.

Tangu hapo ni miaka mitatu, wewe na dada yako mnaonana kwa picha. Kila jioni ananiuliza mdogo wake anakuja lini. Namjibu karibuni. Juzi aliniambia wazi kwamba anaogopa mmoja wenu ataondoka duniani hamjaonana, kisha akaanza kunitania nywele zangu ili nisimwone anafuta macho. Niliumia, Mama. Ndipo nikaapa kwamba gari litakalofuata halitanunuliwa kwa kufurahisha macho ya mtu.

Pesa zenyewe zilikuwa za kupimia kwa kijiko. Gari jipya tulikuwa tunalisalimia kwa mbali tu. Kwa hiyo nikatangaza sheria nyumbani: gari lolote lazima lipite mtihani wa keki. Naoka keki ya ghorofa tatu, naisimamishia ua la sukari juu, dada yako anakaa kiti cha nyuma ameipakata, tunazunguka ile barabara ya mashimo nyuma ya maghala ya saruji. Keki ikirudi nzima, tunaongea bei. Ikivunjika, tunaila na kutafuta lingine. Mkweo akasema nimerukwa na akili. Fundi wetu, tunayemwita Sikio kwa jinsi anavyoinamia injini kama daktari, akasema miaka yote amekagua magari kwa spana, kwa sukari bado, lakini mtihani huo hataukosa hata akiugua.

La kwanza alilipenda mkweo. Jeusi, linang'aa, limelala chini kama nyoka, redio yake inatikisa hadi meno. Dalali alituapia kwamba mwenyewe alikuwa analiendesha Jumapili tu. Sikio alimuuliza basi Jumapili zenyewe zilikuwa ngapi, maana kanyagio la breki lilikuwa limelika hadi chuma. Hata hivyo tukalipa nafasi. Shimo la kwanza, ghorofa ya juu ikahamia kwenye gauni la dada yako. La pili sikuliona, nilikuwa nafuta krimu kwenye paji langu la uso. Kumtoa Mama Mkubwa kwenye kiti kile cha chini ilibidi tumvute watatu, yeye anacheka, sisi tunatweta. Mkweo alinuna siku nzima, lakini kula alikula.

La pili alilisifia Sikio mwenyewe. Refu, lina nguvu, injini yake alisema inaimba. Ilikuwa inaimba kweli, na inakunywa kweli kweli. Mafuta ya wiki nzima ya kusambaza keki lingeyamaliza kabla ya Jumatano. Kupanda lilihitaji kigoda. Na springi zake, aisee, utadhani tumepanda meza. Ua la sukari liliruka likatokea dirishani. Sikio akakubali kushindwa, akaomba kipande cha ghorofa ya kati.

Kuna jingine halikufika hata kwenye keki. Tulifika kwa muuzaji asubuhi na mapema, Sikio akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo huku akimuuliza mtu yule habari za watoto. Boneti lilikuwa la moto. Kumbe jamaa ameliamsha alfajiri ili tukija lisione haya kuwaka. Sikio akamshukuru kwa adabu zote, tukaondoka. Keki ya siku hiyo tuliila nzima, bila hata kuitikisa.

Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, nakwambia ukweli. Wateja walikuwa wanapungua, na mimi nachoka kubeba keki kwenye magari ya kukodi. Ndipo mteja wangu mmoja, mkunga aliyestaafu, akaniambia analiuza la kwake. Nilipoliona nilijizuia kucheka. Rangi yake ni ya chai iliyomwagikiwa maziwa mengi, ubavuni lina bonde aliloligonga mwenyewe kwa geti lake na hakulificha. Lakini milango ya nyuma inafunguka hadi mwisho, kiti kina kimo cha kiti cha kawaida, vipuri vyake vinauzwa kila duka. Asubuhi ya baridi liliwaka mara moja, bila kubembelezwa. Mkunga alisema hajawahi kulitilia mafuta machafu, kwa sababu watoto hawamsubiri mtu aliyeharibikiwa na gari.

Tukaingia nalo kwenye mashimo. Shimo la kwanza, kimya. La pili, kimya. Nikageuka kuangalia keki, ua limesimama wima, na dada yako ameinamisha kichwa. Mama, roho iliniruka. Nikamwita, hakujibu. Kumbe amelala! Anakoroma kabisa, keki iko mapajani! Mkweo akazima gari, tukacheka hadi Sikio akakaa chini barabarani. Mkunga tulimlipa siku ile ile.

Sasa nikueleze ule mkwaruzo. Hebu rudi juu uangalie mwandiko wangu. Umenyooka, sivyo? Barua hii yote, tangu shikamoo, nimeiandika ndani ya gari likitembea. Kalamu imeruka mara moja tu, kwenye lile daraja bovu unalolijua. Shoga yako wa mlango wa pili aliyekuletea bahasha hii hajaipokea posta. Nimemkabidhi mwenyewe kwenye kona, na nimemwomba asicheke mbele yako. Najua hakuweza.

Tuko nje, Mama. Lile la rangi ya chai ndilo letu. Mkweo nimemkataza kupiga honi. Keki ya ghorofa tatu iko kiti cha nyuma, nzima, ua lake limesimama. Njoo uikague mwenyewe, maana neno ulisema wewe. Na aliyeipakata njia nzima ni dada yako. Nilitaka abaki anisubiri, akasema tukimwacha atakuja kwa magoti. Amesuka nywele, amejipulizia yale manukato yake, na tangu tulipoiona nyumba yako anachungulia dirishani. Anasema miguu haimruhusu kushuka, kwa hiyo mdogo mtu ndiye atakayepanda, na hadithi ataianza pale pale ilipokatika.

Wasalimie majirani wote watakaokuwa wamechungulia madirishani. Dawa za mgongo zipo, mto upo, shuka safi zinakusubiri kwetu. Vaa viatu tu.

Ni mimi mwanao mwoka keki,
hapa mlangoni pako.